Kifaa kiko mita 3,800 chini: data itapandaje?

"Mtaalamu, naomba msaada. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Tumepata kifaa cha kupima joto, chumvi na shinikizo la maji, na tutakishusha hadi mita 3,800 kikae huko mwaka mzima kikipima kila sekunde. Msimamizi wangu anasema data yote ibaki kwenye kumbukumbu ya kifaa, tutaisoma tukishakitoa. Mimi naogopa: kikipotea, mwaka wangu umekwisha. Nataka namba zinifikie mezani kila saa. Nimeona video za moja kwa moja kutoka sakafu ya bahari, na nasikia kuna maboya yanayotuma vipimo kwa setilaiti kutoka mita 2,000. Kwa nini tusifunge antena kubwa au modemu yenye nguvu tukamaliza? Kama haiwezekani, nifanye nini?"

Ndugu yangu,

Umefunga mambo mawili kwenye fundo moja. La kwanza ni hofu: kifaa kisiporudi, hakuna kazi ya kuonyesha. La pili ni hamu ya kuona namba zikiingia kila saa. Nakuomba uyatenganishe, maana dawa ya moja si dawa ya jingine. Nimeona watu waliotaka kutibu hofu kwa kuongeza mitambo ya kutuma data, na mitambo hiyohiyo ndiyo iliyowapotezea kifaa.

Tuanze na antena. Ukubwa wake hausaidii, na nguvu haisaidii pia. Maji ya bahari yanapitisha umeme kwa sababu ya chumvi iliyoyeyuka ndani yake, na chochote kinachopitisha umeme vizuri ni adui wa mawimbi ya redio. Wimbi likiingia, chembe za chumvi zenye chaji zinaanza kutikisika kulifuata, na kila mtikisiko unakula nguvu ya wimbi na kuigeuza joto. Mawimbi ya Wi-Fi, ya GPS na ya simu ya setilaiti hufifia ndani ya sentimita chache. Zidisha nguvu mara elfu, utajipatia sentimita chache nyingine. Majeshi ya majini hutumia mawimbi marefu mno kuzungumza na nyambizi zao, yanafika makumi ya mita tu, na kuyarusha kunahitaji mitambo ya nchi kavu iliyotandaa kama mji mdogo. Wewe una mita 3,800.

Video ulizoziona zilipanda kwa waya. Roboti iliyokuwa ikipiga picha imefungwa kebo yenye uzi wa kioo, wa aina ileile inayobeba intaneti baina ya mabara, na kebo hiyo inaishia kwenye meli inayosubiri juu yake. Meli ndiyo yenye setilaiti. Waya ukikatika, picha imekwisha.

Yale maboya nayo yana siri yake. Ni ya mpango wa kimataifa wa Argo, yako karibu 4,000 duniani, na hakuna hata moja linalotuma namba likiwa chini. Boya hutulia kwenye mita 1,000 likichukuliwa na mkondo kwa siku tisa hivi, hushuka hadi 2,000, kisha husukuma mafuta kutoka tumboni mwake kwenda kwenye mfuko ulio nje. Uzito haujabadilika, ila ujazo umeongezeka, basi linaanza kupanda lenyewe, likipima njia nzima. Antena ikishatokeza juu ya maji ndipo linapoongea. Maboya ya mwanzo yalilazimika kukaa juu saa 6 hadi 12 yakirudiarudia ujumbe wao. Yanayotumia setilaiti za Iridium humaliza chini ya saa moja na kuzama tena. Siku hizi yapo pia yanayofika mita 6,000. Kanuni ni ileile: ukitaka kusema, panda juu ukaseme.

Kifaa chako hakipandi, kimefungwa nanga. Kwa hiyo kinachobaki ni sauti, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo, kwa sababu ukiielewa sauti ya majini maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi.

Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Ni nyingi, ila ukiilinganisha na redio inayokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, ni konokono. Kutoka kwako hadi juu ni sekunde 2.5. Meli ikiuliza "upo?", jibu linarudi baada ya sekunde 5. Mazungumzo ya kawaida ya kompyuta, ya kutuma kipande na kusubiri "nimepata" kabla ya kutuma kingine, yanakwama hapo. Modemu za majini, yaani vifaa vinavyogeuza data kuwa sauti na sauti kuwa data, hutuma mafungu makubwa kwa mkupuo, kisha mpokeaji huomba tu yale yaliyoharibika njiani.

Tena huwezi kuongeza kasi kama unavyotaka. Ukitaka kupitisha data nyingi lazima upandishe masafa ya sauti, na maji hayapendi masafa ya juu. Sababu ni ya kikemia, na mimi huniburudisha kila ninapoieleza: baharini kuna magnesi na salfeti zilizoshikana wawiliwawili. Wimbi la sauti likipita huyabana maji na kuyaachia, na kila mbano unawagombanisha hao wawili, wanaachana, wanarudiana, na ugomvi huo unalipiwa kwa nguvu ya sauti. Kwa kilohezi 10, kila kilomita inakula takriban desibeli 1. Kwa kilohezi 100 inakula desibeli 30 hivi, maana yake baada ya kilomita moja tu imebaki sehemu moja kwa elfu. Ndiyo maana modemu za kina kirefu hukaa karibu na kilohezi 10, ambapo sikio lako linazisikia waziwazi kama ndege anayelia kwa ghafla na kunyamaza, na hupitisha biti mia chache hadi elfu chache kwa sekunde bahari ikiwa na heri.

Bahari haina heri kila siku. Sauti inayotoka chini inafika kwa njia ya moja kwa moja, halafu inafika tena baada ya kugonga uso wa maji na kurudi, halafu mara ya tatu baada ya kugonga sakafu, kama kuongea kwenye ukumbi mtupu wenye mwangwi. Mwangwi wa herufi ya kwanza unamkuta mpokeaji wakati herufi ya pili imeshafika. Kuna pia kamba (wa kuliwa, si wa kufungia) wanaoalisha makucha kwenye maji ya kina kifupi, kuna mvua, kuna injini za meli. Nawe una bahati moja ambayo wengi hawana: njia yako ni ya wima. Kuongea kutoka chini kwenda juu ni rahisi kuliko kuongea kutoka upande hadi upande, kwa sababu sauti inayokwenda kimlalo hupindapinda kadiri joto na shinikizo la maji vinavyobadilika.

Sasa tupige hesabu yako kwa penseli. Vipimo vitatu, kila kimoja baiti 4, kila sekunde: baiti 12. Kwa siku inakuwa zaidi kidogo ya megabaiti 1. Kwa mwaka haifiki megabaiti 400, na hiyo inaenea kwenye kadi ndogo kuliko ukucha na nafasi inabaki tele. Kuihifadhi si tatizo kabisa.

Ipandishe basi. Chukua modemu inayopata biti 500 kwa sekunde baada ya kuondoa makosa (baiti moja ni biti 8). Megabaiti yako ya siku itachukua zaidi ya saa nne na nusu kila siku. Ikiwa modemu inakula wati 20 inapopiga kelele, hizo ni zaidi ya wati-saa 90 kwa siku, ambayo ni kama kumaliza betri nne au tano kubwa za tochi kila siku. Kwa mwaka utahitaji zaidi ya betri 1,600, zote ndani ya chombo cha chuma kinachohimili shinikizo mara 380 ya lile la hewa tunayovuta. Kupima nako kunakula umeme, na nitalirudia hilo mwishoni, lakini kupiga kelele ndiko kunakofilisi.

Lakini tuseme kifaa kikokotoe chenyewe kila saa: wastani wa joto, wa chumvi na wa shinikizo, kiwango cha chini na cha juu cha kila kimoja, na hali ya betri. Namba kumi, baiti 20. Kwa siku ni baiti 480, zinazopanda kwa sekunde 8. Kutoka saa nne na nusu hadi sekunde nane, na hujapoteza chochote, kwa sababu data kamili bado imelala kwenye kumbukumbu huko chini.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua wa akili hii ni mitambo ya kugundua tsunami inayoitwa DART, iliyobuniwa na taasisi ya bahari na anga ya Marekani, NOAA. Kihisi kinakaa sakafuni, hata kwenye mita 6,000, kikipima uzito wa maji yaliyo juu yake kwa ukali wa kutambua badiliko la sentimita moja. Kila sekunde 15 kinajiuliza: maji yangepaswa kuwa kiasi gani saa hii kwa mujibu wa kupwa na kujaa? Kipimo kikilingana na hesabu, kinanyamaza, na mara chache tu kinatuma vipimo viwili vitatu vya kusema nipo hai. Kikipita kiwango kilichowekwa, hapo kinaanza kupiga kelele kwa boya lililo juu, na boya linapeleka kwa setilaiti. Mtambo wenye kazi nzito kuliko wako umejengwa juu ya kunyamaza.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: namba ikikufikia saa tisa badala ya mwaka ujao, utafanya nini tofauti? Wa tsunami wana jibu, watu watakimbia. Wa utabiri wa hali ya hewa wana jibu. Wewe, kwa utafiti wa mwaka mmoja kwenye maji ya kina hicho ambayo joto lake linasogea polepole, sidhani kama unalo, ila jambo moja: kujua kwamba kifaa kinafanya kazi. Hilo nalikubali kabisa, na ndilo la kugharimia.

Njia zipo kadhaa. Ya boya la juu lenye setilaiti inafanya kazi na imezoeleka, ila ukiniuliza mimi, uso wa bahari ni mahali pabaya kuliko sakafu yake. Chini kuna giza na utulivu. Juu kuna mawimbi yanayovuta kamba usiku na mchana, kuna nyavu na mishipi, kuna watu wanaofunga mashua zao kwenye boya kwa sababu samaki hupenda kujikusanya chini yake, na kuna wanaoona paneli ya sola wakaona ina matumizi bora nyumbani kwao. Kila kitu unachoning'iniza kutoka juu hadi chini kinahatarisha kilicho chini.

Njia ya mwanga wa kijani au buluu ni ya kasi sana, inapitisha megabiti nyingi kwa sekunde, lakini kwa umbali wa hadi mita mia hivi kwenye maji maangavu. Ni ya wenye roboti ya kushuka karibu na kifaa. Ya kebo hadi nchi kavu ni nzuri kupita zote, na si yako: Japani, baada ya tsunami ya 2011, ilitandaza mfumo wa S-net wenye vituo 150 na zaidi ya kilomita 5,000 za kebo. Hiyo ni kazi ya dola.

Kwako ningechagua kutembelewa. Modemu inakaa chini imelala, ikisikiliza tu. Meli yoyote inayopita eneo hilo, au nyambizi ndogo isiyo na rubani, inasimama juu yake, inaiamsha kwa namba yake ya siri na kuomba muhtasari. Muhtasari wa miezi mitatu unapanda kwa dakika 12 hivi. Hakikisha tu modemu ya meli na ya kwako zimetoka kiwanda kimoja na zina mipangilio ileile, maana bado zina lugha tofauti. Lugha ya pamoja ipo, inaitwa JANUS, iliyopitishwa na NATO mwaka 2017, lakini hali yake ya msingi ni biti 80 kwa sekunde: ya kusalimiana zaidi kuliko ya kuhamisha mzigo. Ikiwa hakuna meli inayopita, zipo kapsuli za kioo zinazonakili kumbukumbu ya kifaa, na kila baada ya miezi kadhaa moja inajiachia, inaibuka na kutuma ilichobeba kwa setilaiti.

Nirudi kwenye hofu. Usimwone msimamizi wako mshamba. Tangu 2004, wanasayansi wa mradi wa RAPID wanapima mkondo mkuu wa Atlantiki kwenye latitudo 26 kaskazini, moja ya vipimo muhimu vya hali ya hewa ya dunia, na wameendelea kuifuata data yao kwa meli kila baada ya mwaka au mwaka na nusu. Kutegemea kumbukumbu ya ndani si aibu.

Ninachokutaka ufanye ni kutumia pesa ya "kutuma kila saa" kwenye kurudi kwa kifaa. Kinachoshikilia nanga ni kufuli linalofunguka kwa sauti. Weka mawili sambamba, ili moja likifunguka inatosha. Juu kabisa ya mnyororo wako, yaani ile kamba inayotoka kwenye nanga na kushikiliwa wima na maboya yaliyo chini ya maji, weka kifaa kinachotuma mahali kilipo kwa setilaiti: kikiwa chini hakisikiki, lakini kamba ikikatika na maboya kuibuka mwezi wa tano, kinakuamsha usiku huohuo na kukuonyesha pa kwenda. Kitakufaa kuliko namba elfu za joto.

Siku ya kukitoa utanielewa. Nahodha anazima injini ili pangaboi lisilete kelele, mnateremsha spika ya majini ubavuni, kama mita kumi. Unatuma amri. Mnahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, na wote kwenye sitaha wameacha kuongea. Kisha inakuja milio miwili mikavu: nimefungua. Umbali unaanza kupungua kwenye skrini, 3,790, 3,720, karibu mita moja kila sekunde, basi mnakaa zaidi ya saa nzima mkikodolea maji hadi maboya ya kioo yenye kofia za manjano yachomoze. Kitoeni asubuhi, si jioni, jua likiwa chini huoni kitu.

Na kuhusu "kila sekunde" yako. Kifaa kilichonipotezea data nyingi kuliko vyote hakikupotea. Kilirudi kizima, king'avu, hata konokono hajashika. Ndani yake mlikuwa na siku 11. Aliyekiandaa alikiacha kipime kila sekunde badala ya kila dakika kumi, betri zikaisha kabla wiki ya pili haijatimia. Aliyekiandaa ni mimi. Kama hufuatilii misukosuko midogo ya maji, pima kila dakika tano au kumi, na kabla ya kushusha mwombe mtu mwingine akusomee mipangilio kwa sauti huku wewe ukiitazama kwenye skrini. Linganisha saa ya kifaa na GPS kabla na baada: ikipotoka sehemu mbili tu kwa milioni, mwisho wa mwaka imeshaachana na ukweli kwa dakika nzima.

Yapo mambo ambayo usiyamalize kwa kusoma jibu langu. Hesabu ya uzito wa nanga, maboya na mvuto wa mkondo ifanywe na fundi wa minyororo ya bahari ukiwa umekaa naye, kwa sababu makosa hapo hayarekebishiki. Vyombo vyote vipitie tangi la shinikizo kabla ya kupanda meli. Ukiweka kifaa kwenye maji yaliyo chini ya mamlaka ya nchi nyingine, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unataka uombe ridhaa na kupeleka taarifa angalau miezi 6 kabla, basi muone mwanasheria wa taasisi yenu sasa.

Na kifaa kikirudi kimevuja, hasa chenye betri za lithiamu, usikifungue kwa furaha ya kuona data. Maji yaliyoingia yakiwa na shinikizo la mita 3,800, pamoja na gesi ya betri, yanaweza kulirusha kifuniko kama risasi. Mweleze ofisa wa usalama wa meli, kiwekwe nje kwenye sitaha kifuniko kikitazama baharini, watu wakae mbali, na asubiriwe anayejua kukipumulisha. Kadi ya kumbukumbu itavumilia siku moja zaidi.